Vita Vilivyochelewa Kwisha: 11 Novemba na Wapagazi Wetu

Tarehe 11 Novemba 1918, saa 5 asubuhi, mizinga ilinyamaza Ufaransa na Ubelgiji. Mkataba wa kusimamisha mapigano ulikuwa umetiwa saini alfajiri ya siku hiyo, ndani ya behewa la treni lililoegeshwa katika msitu wa Compiègne. Saa hiyohiyo, huku Afrika, maelfu ya watu walikuwa bado wako njiani na mizigo kichwani. Jeshi la Kijerumani la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limevuka mto Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917, likazunguka Msumbiji kwa miezi kumi hivi, likarudi kugusa kusini ya Tanzania ya leo, kisha likaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Habari kwamba vita vimekwisha zilimkuta maeneo ya Kasama na mto Chambeshi, siku mbili tatu baada ya Ulaya kunyamaza. Alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa amebaki na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya elfu moja, mbali na wapagazi na wanawake waliofuatana na jeshi.

Kwa hiyo siku ambayo dunia inaikumbuka kama mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza si siku vilipokwisha kwetu. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku kumi na nne ambazo watu waliendelea kuugua na kufa katika vita ambavyo kwenye makaratasi vilikuwa vimeshafungwa. Jambo hilo linatosha kutufanya tuiangalie upya Siku ya Kumbukumbu: ilitoka wapi, inafanywaje, na ni nani waliosahaulika ilipokuwa ikiundwa.

Tuanze na ukimya, maana ndio moyo wa siku yenyewe. Wengi hudhani ulizaliwa London. Ulizaliwa Cape Town. Mwezi Mei 1918, vita vikiwa bado vinawaka, meya wa mji huo Harry Hands alianzisha desturi ya mji mzima kusimama kila mchana baada ya mzinga wa saa 6 kulia, kufuatia wazo la diwani wake Robert Brydone. Tramu zilisimama, magari ya farasi yalisimama, watu barabarani walivua kofia. Walianza na dakika tatu, wakaona ni nyingi mno, wakazipunguza kuwa mbili. Sir Percy FitzPatrick, mwandishi na mwanasiasa wa Afrika Kusini aliyekuwa amefiwa na mwanawe vitani, aliipeleka desturi hiyo Uingereza kama pendekezo. Mfalme George V alilikubali, tangazo likatolewa tarehe 7 Novemba 1919, na siku nne baadaye dakika mbili za kwanza zikashikwa katika himaya nzima. Ukimya unaoonekana leo kama jambo la Kizungu kabisa ulipimwa kwanza chini ya jua la Afrika, na ndiyo maana ni dakika mbili.

Cenotaph, mnara wa kumbukumbu wa London, nao haukukusudiwa kudumu. Wa kwanza ulikuwa wa mbao na plasta, ukasimamishwa kwa gwaride la Julai 1919. Watu waliujaza maua mpaka serikali ikashindwa kuuondoa. Ikajenga wa mawe, ukazinduliwa tarehe 11 Novemba 1920. Siku hiyohiyo mwili wa askari mmoja asiyejulikana jina ulizikwa Westminster Abbey, na Ufaransa ikapeleka wake kwenye lango la Arc de Triomphe mjini Paris, alikozikwa Januari 1921. Familia ambayo haikupata mwili wa kuzika iliweza kusema pale kwamba huenda huyu ni wetu.

Ua jekundu la popi lilifuata. Daktari wa Kanada John McCrae aliliandika katika shairi la 1915, Mmarekani Moina Michael akaanza kulivaa mwaka 1918, na Mfaransa Anna Guérin akaeneza wazo la kuuza maua ya kitambaa kusaidia waliopata hasara ya vita. Chama cha wanajeshi wastaafu cha Uingereza kilipouza popi kwa mara ya kwanza mwaka 1921, maua milioni 9 yalikwisha na pauni 106,000 zikapatikana. Hakuna kanuni ya upande gani wa kifua livaliwe wala jani lielekee wapi. Yanayozungushwa mitandaoni kila Novemba kuhusu hilo yamebuniwa.

Ibada yenyewe inaonekana rahisi ukiitazama kwa mbali, lakini huharibika kwa urahisi. Katika hafla nyingi za mitaani na makaburini mpangilio ni huu: mpiga tarumbeta hupiga wito wa kufunga siku, ule uliokuwa ukipigwa kambini walinzi wakishakaguliwa usiku, kisha ukimya, kisha wito wa kuamsha, ndipo mashada ya maua yawekwe. Wito wa kwanza huchukua zaidi kidogo ya dakika moja, kwa hiyo lazima uanze kabla ya saa 5 kamili ili sauti ya mwisho iangukie kwenye saa. Hapo ndipo hafla nyingi huteleza. Mwongozaji husubiri saa 5 ndipo ampe ishara mpiga tarumbeta, ukimya ukaanza umechelewa, na watu waliotega simu zao wakaanza kunong'ona katikati. Kwenye Cenotaph hawana shida hiyo kwa sababu wao hufanya kinyume: mzinga hulia saa 5 kamili, ukimya, mzinga tena, na wito wa kufunga siku ndiyo ufuate. Ukiandaa hafla ndogo bila mzinga, mpe mtu mmoja saa iliyolinganishwa na redio na umwambie yeye peke yake ndiye mwenye dakika. Asiwe mgeni rasmi, wala kiongozi wa dini.

Jambo la pili ni chombo. Tarumbeta ya kijeshi haina vitufe. Noti zote zinatoka kwenye midomo. Mpigaji aliyesimama nusu saa juani bila kupasha midomo atapasua noti ya juu, na kila mtu ataisikia. Mpe kivuli na maji, na apige noti chache za chini mbali na umati kabla ya kuitwa. Kama hakuna mpigaji, ni afadhali ukimya mtupu kuliko kurekodi kunakokatika spika inapokwaruza. Na bendera ikipandishwa nusu mlingoti, hupandishwa kwanza mpaka juu kabisa, halafu ndiyo ishushwe hadi nusu. Wakati wa kuiteremsha nayo hupanda juu kwanza. Vijana wengi huikatiza katikati wakidhani ni njia ya mkato.

Sasa nirudi kwa wenye mizigo, maana bila wao vita vya huku haviwezi kueleweka.

Afrika Mashariki ya 1914 ilikuwa na reli chache: ya Uganda kutoka Mombasa, ya Tanga kwenda Moshi, na ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Nje ya reli hizo, malale yaliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na magari yalizama kwenye matope kila masika. Kilichobaki kubeba risasi, chakula, dawa na majeruhi kilikuwa kichwa cha binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kati ya kilo 20 na 30. Chukua mpagazi mwenye kilo 25 za unga, anayekula karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe, na askari aliye mbele anapokea kilo tano. Jeshi likisogea siku tatu zaidi, hakuna kinachofika. Ili kifike, lazima uongeze wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na hao nao wanakula. Ndiyo sababu Waingereza, walipokuwa wakimfukuza Lettow-Vorbeck kuelekea kusini mwaka 1917, walikamata wanaume kijiji kwa kijiji, na ndiyo sababu idadi ya waliopitia kazi hiyo upande wao inakadiriwa kufikia milioni moja: kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Zanzibar na sehemu zote za Tanganyika zilizokuwa zimetekwa. Wajerumani walifanya vivyo hivyo, tena mara nyingi bila malipo yoyote. Wabelgiji nao walipoiteka Tabora mwezi Septemba 1916, nyuma ya askari wa Force Publique, jeshi lao la Kongo, kulikuwa na mistari mirefu ya wapagazi waliotolewa Kongo.

Risasi hazikuwaua wengi. Waliuawa na tumbo, na chanzo chake kilikuwa posho. Watu waliozoea ndizi, mtama, viazi au wimbi walipewa unga wa mahindi uliosagwa kwa chenga kubwa. Unga wa namna hiyo unataka maji ya kutosha, kuni za kutosha na muda mrefu wa moto. Mpagazi alifika kambini giza limeingia, mvua inanyesha, kuni zimelowa, na sufuria ni moja kwa watu wengi. Akala uji ambao haukuiva. Chenga mbichi zikakwaruza utumbo, kuhara kukaanza, halafu kuhara damu, na mtu mwenye kuhara damu hawezi kubeba kilo 25 kesho yake. Ongeza malaria kwa watu waliotolewa nyanda za juu zenye baridi, na nimonia kwa waliopelekwa milimani na blanketi moja. Mwisho wa 1918 homa kali ya mafua iliyozunguka dunia iliwakuta kambini wakiwa wamechoka hivyo. Waingereza peke yao wanakadiriwa kupoteza wapagazi karibu 95,000, kama 45,000 kati yao wakiwa wa Kenya. Mahali walipokusanywa wapagazi hao Dar es Salaam ndipo palipoitwa Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na Nairobi nayo ina Kariokor yake. Maelfu hupita pale kila siku kununua vitenge na simu, na sijaona pale hata kibao kikubwa cha kuwaeleza, wala sioni haki yoyote katika hilo.

Tume iliyoundwa kuwazika na kuwakumbuka wafu wa himaya ya Uingereza, ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilipata hati yake ya kifalme tarehe 21 Mei 1917 kwa juhudi za Fabian Ware. Kanuni zake zilikuwa nzuri, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, kwenye kaburi lake au kwenye ukuta wa mnara. Mawe yawe sawa, bila kutofautisha cheo, rangi wala dini. Jiwe la kawaida lina urefu wa sentimita 81 na upana wa sentimita 38, la jenerali na la kuruta sawasawa. Linachongwa nembo ya kikosi, namba, cheo, jina, tarehe ya kufa na alama ya dini. Chini yake familia iliruhusiwa kuongeza maneno yasiyozidi herufi 66, nafasi zikihesabiwa, kwa peni tatu na nusu kila herufi. Mama mmoja mjane huko Leeds angeweza kukaa mezani akihesabu herufi ili maneno yake yatoshe.

Mama wa mpagazi huko Murang'a, Masasi au Bunyoro hakuulizwa kitu. Kanuni ya usawa ilifika Afrika Mashariki ikavunjwa kwa makusudi. Barua za viongozi wa makoloni na wakuu wa tume za miaka ya 1920 zinaonyesha walikubaliana makaburi ya Waafrika yaachwe yarudi porini, na majina yasichongwe, kwa hoja kwamba wenyeji hawangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Watu wenye matambiko, wenye kutaja mababu kwa majina vizazi saba nyuma, waliambiwa hawaelewi kumbukumbu ya maiti! Kulikuwa pia na sababu ya hesabu tu: orodha nyingi za wapagazi hazikuwekwa vizuri au zilitupwa, mtu akaandikwa jina moja bila kijiji wala chifu, na aliyetoroka na aliyekufa wakachanganywa katika safu moja ya waliokosekana. Mishahara ya wafu wengi haikuwafikia ndugu zao kwa sababu hiyohiyo.

Badala ya majina zikaja sanamu. Ile ya Dar es Salaam, Sanamu ya Askari, ilizinduliwa mwaka 1927 pale Wajerumani walipokuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Ni ya shaba, askari ameinama kidogo mbele, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Nairobi ilipata yake mwaka 1928, ikiwa na watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno hayo yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, aliyekuwa mshauri wa tume hiyo kwa maandishi, na ambaye mwanawe John alipotea katika mapigano ya Loos mwaka 1915 na kaburi lake halikujulikana muda wote Kipling alipokuwa hai. Ndiye pia aliyechagua maneno yanayochongwa juu ya makaburi ya wasiojulikana, kwamba wanajulikana na Mungu. Mtu huyo alijua vizuri maumivu ya kukosa kaburi. Hata hivyo wapagazi walipewa sentensi moja ya pamoja, na maneno ya mwisho ya sanamu yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake, wakati majina ya wengi wao hayapo popote pale.

Makosa haya yalikubaliwa rasmi baada ya karne moja. Ripoti ya tume hiyo ya Aprili 2021 ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Cape Town, ule mji wa dakika mbili, ulipata mnara mpya mwezi Januari 2025 kwa ajili ya Waafrika Kusini weusi 1,772 waliofanya kazi zisizo za silaha na kufa katika vita hivyo barani Afrika: nguzo 1,772 za mbao za mvule, kila moja na jina la mtu mmoja. Inawezekana, basi, na ilikuwa inawezekana zamani.

Kwa Vita vya Pili hali ni tofauti. Askari wa King's African Rifles waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma waliandikwa. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, walikufa karibu watu 1,300, zaidi ya nusu yao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wana majina kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

Tanzania ina siku yake, 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ambayo watu wengi hawaijui vizuri kwa sababu si siku ya kupumzika. Hapo Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita shoka. Tunawakumbuka zaidi waliokufa Kagera mwaka 1978 na 1979, na mamia yao wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, wenye majina. Naona siku hiyo ina nafasi ya kutosha ya kuwaingiza wapagazi pia, na 25 Novemba ingefaa kushikwa Mbala, Tabora, Mahiwa kule Lindi palipopiganwa vikali mwaka 1917, na Kariakoo.

Ukitaka kumtafuta mtu wa ukoo wako, orodha ya tume iko mtandaoni na haina malipo. Inahusu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947; aliyekufa kwa jeraha lake mwaka 1923 hutamkuta. Usianze na jina kamili. Makarani waliandika walivyosikia: Athumani akawa Asman, Mwinyi akawa Muini, Kamau akapata herufi za ajabu, na jina la baba likaandikwa kama jina la ukoo. Anza na kikosi, yaani King's African Rifles (askari) au Military Labour Corps (wapagazi) kwa vita vya kwanza, na East African Military Labour Service kwa vya pili, kisha uchuje kwa nchi na mwaka, halafu usome majina yote kwa sauti. Sikio litanasa kile ambacho jicho limepita. Usipompata, kusanya ulichonacho: medali ya shaba au fedha yenye jina na namba pembeni mwa ukingo, barua ya mshahara, kitabu cha parokia au cha msikiti, jina la chifu aliyewatoa, mwaka wa njaa au wa tauni aliokufa kwa kumbukumbu ya wazee. Rekodi ya mzee akisimulia, yenye tarehe na mahali, ipige sasa. Tume inapokea ushahidi wa namna hiyo na kuongeza majina, na namba iliyo pembeni mwa medali ndiyo inayofungua mlango haraka kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo usiisugue kwa jivu ili ing'ae.